Miche Dirishani: Mwongozo wa Mkulima wa Mara ya Kwanza Lubumbashi

Mbegu ya tomati ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na ndani yake mna akiba ya chakula cha siku chache tu. Akiba hiyo ikiisha, mche unategemea mambo matano: udongo, mwanga, maji, hewa na joto. Ukiuotesha ndani ya nyumba, yote matano yatatoka mkononi mwako. Mvua haitaurekebishia ulichokosea, wala upepo hautaukausha ulipozidisha maji.

Mara ya kwanza nilipojaribu, nilisia mbegu arobaini za tomati kwenye sinia moja na kuliweka karibu na dirisha la jikoni. Zikaota vizuri. Kwa furaha nikawa nanyweshea asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tisa nikaamka nikakuta zaidi ya nusu zimelala chini. Nilipoinua mmoja niliona majani bado mabichi, lakini shina mahali linapogusana na udongo lilikuwa limesinyaa na kuwa jembamba kama uzi, rangi ya kahawia. Ile miche haikufa kwa kiu. Niliiua kwa maji.

Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Wengi wetu hatupotezi miche kwa kuisahau. Tunaipoteza kwa kuihudumia kabla ya kuiangalia. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mche nao una majuma yake machache ya kuwahiwa, na maelezo yanayofuata hapa yatakusaidia kuyatumia vizuri.

## Kwa nini ndani ya nyumba?

Anayeishi Lubumbashi ana sababu zake za kuanzia ndani.

- Baridi. Mji wetu uko mwinuko wa mita 1,200 hivi. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mbegu za tomati, pilipili na biringanya hukaa tu udongoni bila kuota, au huoza.
- Mvua kubwa. Kuanzia Novemba hadi Machi, matone mazito hufukua mbegu na kuwalaza watoto wa mimea.
- Wanyama. Kuku mmoja wa jirani anamaliza kitalu kizima kwa robo saa. Kuna mbuzi, panya na siafu pia.
- Udongo wa parseli. Hili ni kubwa kuliko yote, na tutaanzia hapo.

Si kila zao linafaa kuanzishwa ndani. Tomati, pilipili, biringanya, kabichi na lengalenga hukubali kuhamishwa. Karoti na maharage hayapendi kuguswa mizizi. Hayo yapande moja kwa moja bustanini.

## Hatua ya kwanza: chagua udongo kabla ya mbegu

Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kutoa shaba mwaka 1911, wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, na baadaye likawa la Gécamines. Kwa miongo mingi moshi wake ulimwaga vumbi la madini juu ya ardhi, na kwa kuwa upepo wetu wa kiangazi hutoka zaidi kusini-mashariki, vumbi hilo lilianguka kwa wingi upande wa kaskazini-magharibi wa bomba la moshi, kwenye mitaa kama Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo na mboga za mji huu kwa miaka mingi, na wamekuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu katika baadhi ya bustani.

Hili linamgusa mwenye miche kwa njia mbili. Kwanza, shaba ikizidi hudumaza ncha za mizizi. Mche unabaki mfupi, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, nawe unadhani una njaa ya mbolea. Pili, mboga iliyokulia udongo huo inaweza kufikisha madini mezani, pamoja na bukari yako.

Fanya hivi:

1. Usichukue udongo karibu na tanuru, karibu na mlima wa mabaki ya madini, kando ya barabara ya malori ya madini, au kwenye kingo za mito inayopokea maji ya viwanda.
2. Tazama ardhi yenyewe. Mahali palipo wazi, pasipoota nyasi hata wakati wa mvua, au panapoota kwa wingi lile ua dogo la zambarau la shaba (wataalamu huliita *Haumaniastrum katangense*), usipaguse.
3. Tafuta udongo wa mbali na viwanda na migodi, kutoka shamba linalojulikana kuzaa vizuri. Muulize mwenye shamba, umlipe mfuko mmoja au miwili. Miche mia moja haihitaji hata ndoo mbili.

Majivu, chokaa na samadi hupunguza kiasi cha shaba kinachofyonzwa na mmea, lakini haviiondoi udongoni. Kwa miche, ni rahisi zaidi kuanza na udongo safi.

### Mchanganyiko wa kusia

Udongo mtupu wa bustani ukiwekwa kwenye kopo hushikana kama tofali, na mizizi hukosa hewa. Changanya hivi, ukipima kwa kopo moja:

- Makopo 2 ya mboji iliyooza vizuri, yenye harufu ya msitu na si ya zizi
- Makopo 2 ya mchanga mkubwa uliooshwa mpaka maji yatoke meupe
- Kopo 1 la udongo wa kichuguu uliopondwapondwa
- Nusu kopo la makala yaliyovunjika, yale ya chini ya gunia, yaliyochekechwa ili vumbi laini litoke

Kwa nini kichuguu? Vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo vingine hufika mita nane kwenda juu, vimejengwa na mchwa kwa udongo wa chini ulio na madini mengi zaidi ya chakula cha mmea kuliko udongo mwekundu unaovizunguka. Lakini una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo usizidishe kopo moja. Nayo makala hufungua nafasi za hewa na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi.

Jaribio la ngumi. Lowesha kidogo mchanganyiko, ukamate mkononi na ubane. Ukifungua mkono, donge likae. Ukiligusa kwa kidole, livunjike. Lisipovunjika, ongeza mchanga. Lisiposhikana kabisa, ongeza mboji.

### Kuua vijidudu vya udongo

Ugonjwa ulioniangushia miche ya kwanza unaitwa kinyausi. Huletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni na kupenda maji. Joto linaviua.

1. Lowesha mchanganyiko, uutie katika sufuria kuukuu yenye kifuniko.
2. Weka juu ya mbabula, nje ya nyumba.
3. Fukia kiazi ulaya kidogo katikati. Kiazi kikiiva hadi ndani, udongo umeiva pia. Hesabu kama nusu saa tangu mvuke uanze kutoka.
4. Acha upoe ukiwa umefunikwa. Kiazi hicho kitupe, usikile.

Kama ni Septemba au Oktoba na una muda, jua litakufanyia kazi hiyo bila makala: tandaza udongo wenye unyevu juu ya plastiki, ufunike kwa plastiki nyingine inayopitisha mwanga, uzibe kingo kwa mawe, uache majuma manne hadi sita.

## Hatua ya pili: vyombo

Huhitaji kununua chochote. Vikopo vya yauti, makopo matupu ya tomati, bidoni lililokatwa kwa urefu, vyote vinafaa. Masharti ni matatu:

- Kina cha sentimita 5 hadi 8.
- Matundu chini, manne au matano, yatobolewe kwa msumari uliopashwa moto. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mche.
- Kimeoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yenye javeli kidogo, kikakauka.

Usitumie kopo lililowahi kuwa na rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya injini, hata likioshwa mara kumi.

## Hatua ya tatu: pima mbegu, kisha usie

Mbegu huzeeka, hasa ikikaa juani sokoni. Kabla ya kusia, hesabu mbegu kumi, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziweke ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye joto. Zikiota nane, mbegu ni nzuri. Zikiota tano, sia maradufu. Zikiota mbili, tafuta mbegu nyingine. Jaribio hili linakuokoa majuma mawili ya kungoja kitu kisichokuja. Soma pia tarehe kwenye pakiti, na ukinunua mbegu za kupima kwa kijiko, muulize muuzaji zilivunwa lini.

Ukiona mbegu zina rangi ya waridi, bluu au kijani, zimepakwa dawa. Osha mikono baada ya kuzishika, wala zisiwafikie watoto.

Namna ya kusia:

1. Jaza chombo, ukiacha sentimita moja juu. Gusagusa kando kidogo udongo utulie; usiukandamize.
2. Lowesha kwanza, maji yachuruzike, ndipo usie. Ukimwagia maji baadaye, mbegu zitasogea zote pembeni.
3. Funika mbegu kwa udongo wa unene mara mbili au tatu ya mbegu yenyewe. Kwa tomati ni nusu sentimita hadi moja. Kwa lengalenga ni vumbi jembamba tu.
4. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya mbegu na mbegu. Miche iliyobanana hunyimana hewa, na kinyausi huruka kutoka mmoja hadi mwingine.
5. Funika chombo kwa plastiki, uweke mahali penye joto. Mbegu nyingi hazihitaji mwanga mpaka zichomoze.
6. Andika jina la zao na tarehe kwenye kipande cha plastiki, uchomeke.

KISANDUKU: Muda wa kila zao

| Zao | Kuota (siku) | Tayari kuhamia bustanini (majuma) |
|---|---|---|
| Lengalenga | 3–7 | 3–4 |
| Kabichi | 4–8 | 4–5 |
| Tomati | 5–10 | 4–6 |
| Biringanya | 7–14 | 6–8 |
| Pilipili | 8–20 | 6–8 |

Hesabu hizi ni za joto la nyuzi 20 hadi 28. Wakati wa baridi, ongeza siku. Pilipili hasa inataka subira, usifukue kutazama.

## Hatua ya nne: mwanga

Siku unayoona shingo ya kwanza ikiinuka udongoni, ondoa plastiki na upeleke chombo kwenye mwanga siku hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili, mche utajinyoosha kuutafuta mwanga: shina refu, jembamba, jeupe, majani madogo juu. Mche wa namna hiyo huanguka kwa uzito wake mwenyewe, na haurudi kuwa mnene.

Dirisha gani? Vitabu vingi vya bustani vinavyofika kwetu vimeandikwa Ulaya, na vinasema dirisha la kusini. Kwetu usivifuate. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 11 na nusu hivi. Jua la utosi hupita juu ya Lubumbashi mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari. Kati ya tarehe hizo jua la adhuhuri linakuwa kusini kidogo tu. Miezi mingine yote liko kaskazini. Kwa hiyo:

- Machi hadi Septemba: dirisha la kaskazini ni bora, la mashariki linafuata.
- Oktoba hadi Februari: dirisha la mashariki ni bora, kwa jua laini la asubuhi.
- Dirisha la magharibi: angalia Septemba na Oktoba, kwani jua la alasiri linaweza kuchoma miche kupitia kioo.

Tazama pia juu ya dirisha. Nyumba zetu nyingi zina paa la mabati lililojitokeza au baraza pana mbele, na dirisha chini yake hupata mwanga kidogo hata likielekea upande mzuri.

Jaribio la kivuli. Asubuhi jua likishapanda, nyoosha mkono juu ya sinia. Ukiona kivuli chenye vidole vinavyohesabika, mwanga unatosha. Ukiona ukungu wa kivuli tu, hautoshi.

Kama hautoshi:

1. Sogeza miche iwe karibu kabisa na kioo mchana, na uitoe kwenye kioo usiku wa baridi.
2. Simamisha nyuma yake boksi lililofunikwa karatasi ya alumini, au lililopakwa chokaa nyeupe, lirudishe mwanga upande wa chumbani.
3. Geuza sinia nusu mzunguko kila asubuhi, mashina yasipinde upande mmoja.
4. Tumia taa ya LED nyeupe, sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, jumla ya saa 14 hadi 16 kwa siku ukihesabu na mwanga wa dirisha.

Kuhusu taa, umeme wa SNEL unakatika, kila mtu anajua. Usipange uhai wa miche juu ya umeme. Chukua taa ya LED inayochajiwa au ya paneli ya jua, na dirisha libaki ndilo tegemeo. Umeme ukirudi usiku wa manane usiwashe taa mpaka asubuhi kufidia. Mmea nao unahitaji giza.

Jambo dogo lenye faida kubwa: mara moja au mbili kwa siku, pitisha kiganja taratibu juu ya miche kama unayeibembeleza. Mtikiso huo, kama upepo, huufanya mche ujenge shina fupi na nene.

## Hatua ya tano: maji

Hapa ndipo miche mingi hufia. Mizizi inahitaji maji, lakini inahitaji hewa vilevile. Udongo ukijaa maji muda wote, nafasi za hewa hutoweka, mizizi hukosa pumzi, na kinyausi hupata nafasi.

Usinyweshee kwa saa wala kwa mazoea. Nyweshea kwa kidole. Gusa udongo kila asubuhi. Ukinata kwenye kidole na ni baridi, uache. Ukiwa mkavu juu lakini chini kidogo una unyevu, ngoja hadi kesho au uangalie jioni. Ukiwa mkavu hadi kina cha ukucha, nyweshea. Baada ya siku chache utajua hata kwa kuinua kopo: kopo kavu ni jepesi, nalo mkono wako utaukumbuka uzito wake.

Namna ya kunyweshea kutoka chini:

1. Weka chombo ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2.
2. Ngoja dakika 15 hadi 20, mpaka uso wa udongo ubadilike rangi.
3. Toa, uache kichuruzike, kisha urudishe dirishani. Kisisimame majini.

Maji haya hupanda yenyewe, shina linabaki kavu, na mizizi hufuata chini.

Maji ya REGIDESO yakiwa na harufu kali ya dawa, yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi. Maji ya kisima hayana shida mradi kisima hakiko karibu na kiwanda wala choo. Ya mvua ni mazuri, ila mvua za kwanza za msimu huosha vumbi la miezi sita lililokaa juu ya mabati. Acha hizo zipite, ukinge zinazofuata. Na maji yasiwe ya baridi kali: Julai, yaache ndani ya nyumba kwanza.

KISANDUKU CHA HATARI: Mbabula na miche

Wakati wa baridi utashawishika kuingiza mbabula yenye makala chumbani ili mbegu zipate joto. Usifanye hivyo kamwe. Makala yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna mche wenye thamani ya uhai wa mtu. Badala yake, jioni weka sinia ndani ya boksi la karatasi pamoja na chupa mbili za plastiki ngumu zilizojazwa maji moto, ufunike kwa blanketi kuukuu. Asubuhi fungua, urudishe miche dirishani.

## Hatua ya sita: kuhamisha na kulisha

Majani mawili ya kwanza kutokea, yaliyo laini na yasiyo na meno, ni ghala la mbegu. Yanayofuata, yenye umbo la majani ya zao lenyewe, ndiyo majani halisi. Yakitokea mawili halisi, mche uko tayari kwa kopo lake peke yake.

1. Nyweshea saa moja kabla.
2. Chomeka kijiti au mpini wa kijiko kando, uinue udongo pamoja na mizizi.
3. Shika jani, usishike shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likibanwa, mche umekwisha.
4. Toboa shimo kwenye kopo jipya, ushushe mche. Tomati uzike hadi karibu na majani ya kwanza, kwani shina lake huota mizizi. Pilipili, biringanya na kabichi zibaki kina kilekile.
5. Nyweshea kutoka chini, weka kivulini siku mbili.

Kabla ya majani halisi, usitie mbolea yoyote. Baada ya kuhamisha, kama mchanganyiko una mboji, mche hautalia njaa haraka. Majani ya chini yakianza kufifia kuwa manjano, loweka kiganja kimoja cha mboji katika lita 5 za maji usiku kucha, uchuje, umwagie udongoni mara moja kwa juma. Urea na samadi mbichi ya kuku usizikaribishe kabisa. Huunguza mizizi michanga haraka.

## Hatua ya saba: kukomaza kabla ya kutoka

Mche uliokulia dirishani una ngozi laini. Ukiutoa ghafla kwenye jua la Oktoba, kufikia jioni majani yatakuwa na mabaka meupe kama karatasi. Upe siku saba hadi kumi:

- Siku ya 1–2: nje chini ya baraza au mwembe, kwa muda wa saa moja au mbili asubuhi.
- Siku ya 3–4: nusu siku kivulini, na jua la asubuhi kidogo.
- Siku ya 5–7: jua la asubuhi lote, kivuli mchana. Punguza maji kidogo, bila kuuacha unyauke.
- Siku ya 8–10: siku nzima nje, usiku pia, kama si baridi.

Siku ya kupanda chagua jioni au siku ya mawingu. Zungusha vijiti au wavu siku hiyohiyo. Kuku hawatangoja kesho.

Kuhusu msimu: tomati na mvua kubwa haziivani, kwani unyevu huleta ukungu wa majani. Ukisia katikati ya Machi, utapanda mwisho wa Aprili mvua zikiisha. Utavuna kiangazi, ila uwe na maji ya kunyweshea. Ukisia mwisho wa Julai au Agosti, utapanda Septemba joto likirudi, na mimea itakua kabla mvua kubwa hazijashika.

## Soma dalili, ndipo uguse kitu

- Shina refu, jembamba: mwanga hautoshi. Sogeza dirishani.
- Mche umelala, shina chini limesinyaa: kinyausi. Ng'oa huo na ulio jirani pamoja na udongo wake, utupe mbali. Acha udongo uliobaki ukauke juu, uongeze hewa. Ugonjwa huu hauponi, lakini unaweza kuuzuia.
- Umenyauka na udongo mkavu: nyweshea kutoka chini.
- Umenyauka na udongo umelowa: mizizi inakosa hewa. Usiongeze maji.
- Majani ya zambarau chini, wakati wa baridi: joto liko chini, mizizi haifyonzi vizuri. Pasha joto, usitie mbolea.
- Manjano, umedumaa, mizizi mifupi yenye ncha nene: shuku udongo. Hamishia udongo mwingine.
- Vinzi vidogo vyeusi juu ya udongo: unanyweshea kupita kiasi. Acha uso ukauke, tandaza mchanga mkavu wa nusu sentimita.
- Vidukari chini ya majani: vipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha suuza.

## Makosa matano ya mara ya kwanza

1. Kusia pakiti nzima kwa siku moja. Likitokea kosa, umepoteza zote.
2. Kuchanganya mazao kwenye sinia moja. Lengalenga itakuwa inalilia mwanga wakati pilipili bado imelala chini ya plastiki.
3. Kusikitikia mbegu, ukaacha miche mitatu kwenye kopo moja. Acha ulio imara. Mingine ikate kwa mkasi, usiing'oe.
4. Kutumia udongo wa parseli kwa sababu uko karibu.
5. Kubadilisha mambo matatu kwa pamoja mche ukiugua. Badilisha moja, ungoje siku mbili, uone.

KISANDUKU: Dakika mbili za kila asubuhi

☐ Nimetazama mashina pale yanapotoka udongoni
☐ Nimegusa udongo kwa kidole
☐ Nimeinua kopo moja kupima uzito
☐ Nimegeuza sinia
☐ Nimepitisha kiganja juu ya miche
☐ Nimetazama chini ya jani moja
☐ Nimenyweshea, *kama* kidole kimesema hivyo

Weka daftari karibu na dirisha. Andika tarehe ya kusia, ngapi zimeota, ngapi zimekufa na ulivyoona siku ile. Kisha anza hivi: juma hili sia mbegu kumi tu. Juma lijalo sia kumi nyingine, ukirekebisha jambo moja uliloliandika. Juma la tatu tena. Kwangu, kundi la pili lilikufa nusu, la tatu likasimama karibu lote, na kilichobadilika kati yake ni kidole kuingia udongoni kabla ya kikombe cha maji.